Kalamu Kwake, Ufunguo Kwako
Vidokezo vya kumpata mtu wa hesabu za biashara yako

Anayetoka Shinyanga kwenda Musoma siku hizi halazimiki kuingia katikati ya jiji la Mwanza. Anakata Usagara, anatokea Kisesa. Barabara imeleta viwanja, viwanja vimeleta saruji na nondo, na saruji imeleta madaftari yasiyosomeka. Kama la kwako lina doa la mafuta na ukurasa uliochanwa kuwashia jiko, endelea kusoma.

1. Jua unamtafuta nani

Watu huwaita wote "mhasibu", kumbe kazi ni tofauti. Wa kuandika mauzo, manunuzi na madeni ni mtunza hesabu. Mhasibu anachukua maandishi hayo na kukuambia biashara inaelekea wapi. Siku benki ikidai hesabu zilizokaguliwa, hapo ni mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, na mwingine yeyote hatakufaa. Duka la kawaida la Kisesa linaanza na yule wa kwanza, tena si lazima awe wa kila siku. Mara mbili kwa mwezi zinatosha. Mwanza kuna vyuo vya SAUT, TIA, CBE na IFM, na wanafunzi wa uhasibu wanaotafuta kazi ya kushika hawakosekani.

2. Linganisha malipo yake na anachokuokolea

Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka hulipa 250,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani jumla 120,000. Tofauti ni 130,000 kwa sababu ya daftari tu. Kijana wako ameshaanza kujilipa.

3. Mpe mtihani wa hapa hapa

Cheti kitazame, kisha kiweke pembeni. Muulize hivi: "Leo kwenye kibanda changu cha uwakala wa fedha za simu watu wameweka milioni 2 na wengine wametoa milioni 1 na laki 6. Nimeuza kiasi gani?" Akijibu milioni 2, mshukuru kwa muda wake. Akijibu milioni 3 na laki 6, mshukuru haraka zaidi. Hizo ni fedha za watu zinazopita. Chako ni kamisheni. Kosa hili si dogo, maana kodi ya mfanyabiashara mdogo hukokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida. Anayeandika fedha hizo kama mauzo anakupandishia kodi kwa kalamu yake mwenyewe.

Swali la pili: "Mama watoto amechukua kilo 5 za mchele dukani, zimepikwa nyumbani." Wengi huziacha bila kuziandika, halafu mwisho wa mwezi mchele haulingani na fedha, na muuza duka anaitwa mwizi. Mtu mzuri atakuambia si mauzo, si hasara. Mwenye mali amechukua mali, iandikwe hivyo.

La tatu ni la mpunga. Umenunua magunia, umekoboa, umeuza mchele, na pumba kachukua mfuga kuku. Je, pumba anaziandika wapi? Ukiona anacheka na kusema pumba si kitu, basi hajawahi kukaa karibu na mashine ya kukoboa.

4. Kalamu na ufunguo visikae mfuko mmoja

Anayeandika fedha asiwe anayezishika. Si kwamba unamdhania vibaya. Ni kwamba siku kitu kikipungua, awepo mtu wa pili wa kuulizwa. Usukuma tunalijua hili tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, kwa kuwa mnunuzi alikuwa akiisoma mizani peke yake. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, na Bomani akaja kuwa waziri wa fedha baada ya uhuru.

Kwa hiyo kodi usimpe mtu taslimu akakulipie. Akuletee kontrol namba, ulipe kwa simu yako, ujumbe wa malipo ubaki kwako.

5. Namba ya simu iwe yako

Wapo wanaosajili akaunti ya TRA ya mteja kwa simu na barua pepe zao, "nikusaidie usihangaike". Mnapokosana, kila ujumbe wa TRA unaingia kwake na nywila anayo yeye. Kataa mapema, kwa tabasamu.

6. Mpwa wako

Anaweza kufaa. Ila kabla ya kumpa kazi jiulize utamfukuzaje, na dada yako utamwambia nini.

7. Risiti anaziweka wapi?

Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Karatasi ya mashine ya EFD, hasa ikikaa kwenye joto, hufifia mapema mno, na risiti nyeupe haimshawishi ofisa yeyote. Anayeijua kazi atakwambia bila kuulizwa kwamba huzipiga picha wiki ile ile na kuzipanga kwa mwezi. Anayezichoma kwenye msumari ukutani, hapana.

8. Siku ya kwanza, mpe daftari chafu

Usilinakili upya kwa aibu. Mpe hilo hilo lenye doa, mwache nalo nusu saa, kisha usikilize maswali yake. Akisema tu "nimeelewa, mzee", shaka. Lakini akirudi na kidole kwenye mstari wa katikati, aulize, "Huyu 'Baba wa Kitumba, mifuko 6, mpaka mpunga' ni nani, ni mpunga wa mwaka gani, na tangu hapo amechukua tena?", mwagizie chai. Mkubaliane malipo kabla haijapoa.