Kemo, Baiskeli na Aibu ya Kuomba

Mdogo wangu wa Lowell, Marekani, barua yako nimeisoma, na nikacheka pale ulipoandika kwamba mume wako anaogopa maneno ya kanisani kuliko anavyoiogopa kemo. Wako wengi kama yeye. Wewe uko katikati ya matibabu ya saratani ya titi, wenzako wa kazini wanakuita kwenye timu yao ya Pan-Mass Challenge, safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha za saratani, mwezi wa Agosti, na mama huko Nakuru amekataa katakata: mgonjwa ni wa kulala, si wa kukimbizana na baiskeli. Unaniuliza uende au ukae.

Tuanze na mama. Anasema kwa mapenzi, na zamani hata madaktari walisema hivyohivyo. Siku hizi wamegeuka. Uchovu wa kemo, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala, hauishi kwa kujilaza. Misuli inasinyaa, na uchovu unazidi. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2019 unasema mazoezi ya kadiri ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni hata matibabu yakiwa yanaendelea. Ya kadiri ni yale ambayo unaweza kupiga soga ukiwa unaendesha, ila kuimba kunakushinda.

Baiskeli si dawa ya saratani, tuelewane. Utasikia watu wakiutaja utafiti wa 2025 wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, ambapo waliofanya mazoezi kwa kusimamiwa waliishi muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi kuliko waliopewa vijitabu vya ushauri wa afya. Habari njema, lakini hao walikuwa wameshamaliza kemo, na ugonjwa wao si wako. Akija mtu kukwambia uache dripu upande baiskeli, mfungie mlango.

Kabla hujagusa pedali, muulize daktari wako kuhusu damu yako, moyo wako (ile kemo yenye rangi nyekundu huweza kuudhoofisha) na mifupa yako. Mara nyingi chembe nyeupe hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na siku hizo si za kupumuliana na umati. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hizo 100.4 za kipimajoto cha huko, unapiga simu hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kama walikutoa tezi za kwapani, uliza jinsi ya kuutunza mkono wa upande huo, maana kuuegemea usukani saa nzima si jambo dogo. Halafu kuna ganzi ya vidole. Hii watu huidharau. Asubuhi ukivaa, tazama: kama kifungo cha blauzi kinakuponyoka, breki nayo itakuponyoka kwenye mteremko. Siku hiyo kaa kwenye baiskeli ya jim, ile isiyokwenda popote.

Sasa hiyo safari yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, kijana aliyefiwa na mama yake kwa saratani ya ngozi. Walikuwa watu 36, wakaendesha kutoka Springfield hadi Provincetown. Leo ni maelfu ya waendeshaji, na fedha walizokusanya kwa ajili ya hospitali ya saratani ya Dana-Farber zimepita dola bilioni moja. Njia ndefu ya siku mbili ni karibu kilomita 300. Hiyo usiifikirie mwaka huu, tafadhali. Kuna za siku moja. Mle ndani utakuta waliopona na walio kwenye matibabu kama wewe, wana hata jina lao, Living Proof, yaani ushahidi ulio hai, na huwa wanakusanyika pamoja mjini Bourne kupongezana. Nadhani hilo litakufaa kuliko kilomita zote: kukaa na watu ambao kichwa chenye kipara hakiwashtui, na wasiokwambia "pambana" kila dakika. Maana hilo neno nalo linachosha. Mtu kalemewa na kichefuchefu, bado unamdai vita.

Lakini naona kinachokusumbua si kuendesha. Kila mwendeshaji hukusanya michango, kwa hiyo utakuwa na ukurasa wenye jina lako na neno saratani. Hapo ndipo mume wako anapokunja uso, na ndipo na mimi nakuwa mkali kidogo. Sisi kuchanga tunajua. Mtu akifa ughaibuni, hata jua halijatua kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina kateuliwa, na nauli ya maiti inatimia. Mtu akiwa hai na mgonjwa, tunasema ana malaria kidogo. Mtu asiyejua unaumwa hawezi kukuletea chakula wala kumchukua mtoto wako shuleni siku ya dripu, na baadaye tunalalamika kwamba huku kila mtu na lwake.

Sikwambii utangaze madhabahuni. Chagua watu watano unaowaamini, uwaambie kwa mdomo wako kabla ukurasa haujawafikia. Waeleze waziwazi kwamba pesa hizo zinakwenda Dana-Farber, hazilipi kodi ya nyumba yako wala bili yako. Usipolisema hilo mapema, kuna shangazi atauliza mbona kachangia na bado unadaiwa. Kama una shida ya kodi, fanyeni mchango mwingine, wenye jina lake na mweka hazina wake.

Ikifika Agosti daktari akasema hapana, bado timu ni yako. Safari ile inaendeshwa na watu wengi wa kujitolea, wa kugawa maji, kukata matunda, kuelekeza njia. Mume wako mwandikishe huko tangu sasa, hata kama wewe utaendesha. Mwanamume anayeogopa maneno ya watu hupoa akipewa kazi ya mikono. Na mama mpigie kwa video ukiwa juu ya baiskeli ya jim, umevaa vizuri, unaongea bila kuhema.