Protini Zinazoamua Seli Iwe Nini



Sisi wa masomo ya Kiislamu tukiulizwa kama yafaa kutumia seli shina za kiinitete kutibu wagonjwa, hukimbilia halali na haramu. Mafaqihi walitutaka tukijue kitu kwanza, ndipo tukihukumu. Basi tukijue.

Yapata siku ya tano baada ya mbegu kukutana na yai, kiinitete ni kama kimpira kidogo chenye ukuta na fungu la seli ndani. Ukuta utaleta kondo la nyuma. Lile fungu ndilo asili ya mwili mzima, nalo ndilo linalochukuliwa maabara. Martin Evans na Matthew Kaufman walizikuza seli hizo za panya mwaka 1981 huko Uingereza, na James Thomson akazikuza za binadamu mwaka 1998 huko Marekani.

Seli ya moyo na ya ini zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, na wanaowasha na kuzima ni protini. Katika seli shina zipo tatu kubwa: Oct4, Sox2 na Nanog. Hukaa juu ya DNA, zikawasha jeni za kuibakiza seli katika hali yake ya ushina na kuzima zile za kuipeleka kuwa neva, damu au mfupa. Tena kila moja husaidia wenzake watengenezwe, mfano wa mafiga matatu.

Kilichonishangaza mimi ni kipimo. Mwaka 2000 Hitoshi Niwa na wenzake walionyesha, kwa seli za panya, kuwa Oct4 ikishuka sana seli hugeuka kuwa za kondo. Ikizidi, hata bila kufika mara mbili ya kawaida, hushika njia nyingine tena. Ni kiasi cha katikati tu kinachoibakiza ilivyo. (Tunaosoma mlango wa kadari tutalielewa hili upesi kuliko wenzetu wa biolojia!)

Elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha Shinya Yamanaka, mwaka 2006, kutia jeni za protini nne, Oct4 na Sox2 zikiwamo, katika seli za kawaida za panya zikarudi kuwa kama seli shina. Mwaka 2007 ikawezekana kwa binadamu, bila kuvunja kiinitete.

Wapo wanaosema hapo mjadala umekwisha. Mimi sikubali. Moja ya zile nne, c-Myc, inahusiana na saratani, na seli hizi mpya bado hupimwa kwa kulinganishwa na zile za kiinitete.

Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu mwaka 2003 viinitete vilivyobaki katika matibabu ya ugumba, wazazi wakiridhia, na likakataza kuvitengeneza au kutoa mimba makusudi kwa ajili hiyo. Anayepinga atamtaja Imam Ghazali, aliyeona kuharibu mimba ni kosa tangu mwanzo wake, na kosa huzidi kila hatua. Lakini Ghazali alizungumzia kilichokwisha kukaa tumboni. Kilicho katika kisahani cha maabara, ambacho hakitapandikizwa kamwe, sioni kama kinaingia moja kwa moja katika kauli yake, na kwa hiyo naelekea kwenye ruhusa ya Baraza pamoja na masharti yake yote.