Kushindwa Nako Kuna Mafunzo Yake

Wahenga walisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Lakini mhunzi mwenye akili hatafuti koleo jipya mara moja. Kwanza huliokota lile lililovunjika akalitazama, apate kujua limevunjikia wapi na kwa sababu gani.

Tutazame mfano wa Eliud Kipchoge, mkimbiaji mashuhuri wa Kenya. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alipata ubingwa wa dunia katika mbio za mita 5,000. Lakini mwaka 2012 hakupata nafasi katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Olimpiki ya London. Wengi wangedhani habari yake imekwisha. Yeye aliziacha mbio za uwanjani akaingia barabarani, na mwaka 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg.

Mwezi wa Mei 2017, huko Monza, Italia, alijaribu jambo ambalo hapana binadamu aliyepata kulifanya: kumaliza kilometa 42 na mita 195 kabla ya saa mbili kutimia. Alitumia saa 2 na sekunde 25. Alishindwa, lakini alijua ameshindwa kwa kiasi gani. Ndipo yakatazamwa yaliyopungua. Monza alikimbia bila umati wa kumtia moyo. Safari ya pili, mjini Vienna, watu walijaa kandokando ya njia wakimshangilia. Wakimbiaji wenziwe waliomkinga upepo nao walipangwa kwa namna nyingine. Tarehe 12 Oktoba 2019 alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa wasaidizi wake walipokezana njiani. Lakini lililodhaniwa haliwezekani lilikuwa limewezekana.

Mtu huyu ana desturi moja ambayo kila msomaji aweza kuifuata: huandika mazoezi yake katika daftari. Kumbukumbu ya moyoni hutupendelea. Daftari halimpendelei mtu.

Basi wewe mkulima ambaye mahindi yako yamekauka, wewe mwenye duka uliyepata hasara, na wewe mwanafunzi uliyeanguka mtihani, jiulize maswali matatu na uandike majibu yake. Nimepungukiwa kwa kiasi gani? Ni kwa sababu gani? Safari ijayo nitabadili nini? Si kila hasara ni kosa la mtu, maana mvua ikikataa kunyesha mkulima hana lawama. Lakini ikiwa jirani yake alipanda wiki mbili mapema akavuna, hapo pana somo. Akipanda tena mwakani kwa kuchelewa vile vile, huko si kuvumilia, bali ni kurudia kosa.

Twaambiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali huko si kukata tamaa. Ni kuutazama ukweli bila kuona haya, kisha kurudi kazini ukiwa na jambo moja ulilolirekebisha.