Ukiweka Linux, kioo kikabaki cheusi

Umewasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, nembo imeonekana kidogo, kisha kioo kimekuwa cheusi tii. Wengi hapo hukimbilia kupakua faili upya au kununua flashi nyingine. Mara nyingi flashi haina kosa. Linux imeshawaka, kilichokwama ni draiva ya kadi ya michoro, na mshukiwa wa kwanza ni kadi ya NVIDIA.

Draiva za Intel na AMD zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, hivyo wenye kadi hizo kwa kawaida hawasumbuki. NVIDIA iliuficha msimbo wa draiva yake kwa miaka mingi, na waliotengeneza nouveau, draiva huria inayokuja na Linux, ikabidi waichunguze kadi kwa nje tu. Mwaka 2012, nchini Ufini, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitukana kampuni hiyo hadharani. Ilipofika 2022 NVIDIA ikafungua sehemu ya msimbo wake, tena kwa kadi mpya tu.

Tafuta picha kwanza. Kwenye menyu ya flashi chagua mstari wenye maneno "safe graphics". Ukigoma, rudi kwenye mstari wa kwanza, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Neno hilo huizuia keneli kuiendesha kadi kwa draiva yake, iridhike na picha duni ya kuanzia. Baada ya kumaliza kuweka mfumo, giza likirudi, bonyeza Esc kompyuta inapowaka (Shift kwa mashine za zamani) upate menyu, urudie hatua hizo.

Usiishi na nomodeset, lakini. Video zitakwama na feni itapiga kelele, maana prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Fungua kidirisha cha amri uitambue kadi:

lspci -k

Kisha uone draiva inayopendekezwa, na uiweke:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Achana na faili la .run la tovuti ya NVIDIA. Linawekwa nje ya utaratibu wa apt, kisimamizi cha programu cha Ubuntu, na keneli ikisasishwa unaweza kurudi gizani.

Sasa, hatua inayowaangusha wengi ni Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa kompyuta inapowaka. Ikiwa imewashwa, huenda ukaombwa kutunga neno la siri wakati wa kuweka draiva. Kompyuta ikiwaka upya hutokea skrini ya buluu, nayo hukusubiri sekunde 10 tu. Mtu huipita akidhani ni hitilafu, na draiva inakataliwa kimyakimya. Chagua Enroll MOK, thibitisha, andika lile neno la siri. Ikikupita, iite tena, kisha uwashe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Kwa laptopu za mtumba, angalia umri wa kadi. GeForce nyingi za mfululizo wa 600 na 700 hukomea draiva ya 470. Za 400 na 500 hukomea 390, ambayo NVIDIA imeshaacha kuihudumia. Hapo bakia na nouveau, na usijichoshe.

Kama uliweka draiva ya NVIDIA, ukishawasha upya andika nvidia-smi. Jina la kadi likitokea, draiva inafanya kazi. Kagua pia faili la /etc/default/grub: kama nomodeset imebaki humo, ifute, kisha endesha sudo update-grub.

Ikishindikana kabisa, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate ukurasa wa maandishi, ingia, ondoa draiva uliyoweka:

sudo apt purge 'nvidia-*'

Na ukienda kuomba msaada kwa fundi au rafiki, usimtumie picha ya kioo cheusi. Mpelekee majibu ya lspci -k na ya journalctl -b -1 -p err, maana humo ndimo kosa lilimoandikwa.