Njia za Kutoa Mofini Baada ya Upasuaji wa Mfuko wa Uzazi

Mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi kwa kupasuliwa tumbo hupata maumivu makali, hasa katika saa 24 za kwanza. Yasipotulizwa, hushindwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kuinuka kitandani. Ndipo nimonia na kuganda kwa damu miguuni hupata nafasi. Kutuliza maumivu, basi, ni tiba wala si hisani. Mofini hufika mwilini kwa njia kadhaa, na kila moja ina faida na hatari zake.

Sindano ya msuli haihitaji mashine. Hata hivyo, damu ikipita kidogo msulini, kama kwa mgonjwa mwenye baridi au aliyepoteza damu nyingi, dawa huchelewa, kisha huweza kuingia kwa wingi. Sindano yenyewe huuma.

Sindano ya mshipa huleta nafuu kwa dakika chache. Dozi ndogo ndogo hurudiwa hadi maumivu yatulie, mgonjwa akiangaliwa kwa karibu. Penye pampu maalumu, mgonjwa hubonyeza kitufe mwenyewe. Ndugu wasimbonyezee: aliyesinzia habonyezi, na hiyo ndiyo kinga yake.

Njia ya uti wa mgongo hutumika pamoja na ganzi ya mgongoni. Miligramu 0.1 hadi 0.15 tu za mofini isiyo na vihifadhi huweza kutuliza maumivu hadi saa 24. Madhara yake ni kuwashwa, kichefuchefu na kushindwa kukojoa. Hatari kubwa ni kudhoofika kwa upumuaji saa nyingi baadaye. Kwa hiyo uangalizi uendelee usiku kucha.

Njia ya mdomo hufaa mgonjwa anapoweza kunywa bila kutapika. Kwa kuwa ini huvunja sehemu kubwa ya dawa, dozi yake huwa mara 2 hadi 3 ya ile ya mshipa. Muuguzi asizichanganye.

Njia ipi ni bora? Ni ile ambayo wodi inaweza kuisimamia kwa usalama. Usingizi mzito kwa kawaida hutangulia upungufu wa pumzi. Hivyo muuguzi apime wepesi wa mgonjwa kuamka, kisha ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, asimamishe mofini, ampe oksijeni, amwite daktari na kuandaa naloksoni. Parasetamoli, pamoja na diklofenaki kwa asiye na ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo wala hatari ya kutoka damu, hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika.

Nawe mgonjwa, usijikaze kimya. Taja maumivu yako kwa namba, kuanzia 0 hadi 10, ukiwa umelala na unapokohoa. Usiogope kuwa utakuwa mraibu: mofini inayotolewa siku chache kwa uangalizi ina hatari ndogo ya uraibu. Ukiwashwa, ukitapika au ukishindwa kukojoa, mwambie muuguzi mapema.