Neno la Kiingereza "Strike": Kupiga, Kugonga na Kugoma

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyajua katika mwaka wake wa kwanza, akadhani amekwisha kuyamaliza, kisha yakamrudia utu uzimani kwa sura nyingine. Neno moja la namna hiyo ni "strike". Shuleni hufundishwa kuwa maana yake ni kupiga, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini mtu wa Majengo, Mombasa, aliyelisikia likitajwa katika Januari 1947 hakufikiri habari ya mtu kupigwa. Alifikiri habari ya gati tupu, meli zisizopakuliwa, na mshahara.

Kwanza maana ya asili. "Strike" ni kupiga pigo, aghalabu moja, tena la nguvu. Kwa hiyo latofautiana na "beat", ambalo ni kupiga mara kwa mara, kama mtu apigavyo ngoma. Latofautiana pia na "knock", yaani kugonga, kama mgeni agongavyo mlango. Ndugu yake wa karibu kabisa ni "hit". Tofauti yao ni ya heshima zaidi kuliko ya maana, kwani "hit" ni neno la uwanjani na barazani, na "strike" ni neno la kalamu. Mtoto aliyepigwa mchezoni hulia, "He hit me." Askari aandikaye taarifa ya jambo lilo hilo ataandika, "He struck the boy."

Saa nayo, kwa Kiingereza, husemwa kuwa "strikes", na Kiswahili husema saa imegonga. Hapa msomaji ajihadhari, maana kosa si la neno bali la hesabu. Mwajiri akisema "when the clock strikes seven", hamwambii mtu aje saa saba, wakati wa jua kali. Amwambia aje saa moja ya asubuhi. Haifai kudhani kuwa kila mahali Kiswahili kisemapo kupiga, Kiingereza kitasema "strike". Kupiga pasi, kupiga simu, kupiga mbizi na kupiga hodi vyote vina maneno yao mengine.

Sasa yaja maana ya kugoma. Wengi hujiuliza kuacha kazi kumehusianaje na kupiga, hali mgomaji amekaa kitako na mikono yake haifanyi lolote. Jibu liko baharini, na watu wa pwani wataling'amua upesi kuliko watu wa bara. Katika lugha ya mabaharia wa Kiingereza, "to strike a sail" ni kutua tanga, kulishusha. Mwaka 1768 mabaharia wa meli za biashara zilizokuwa London, katika mto Thames, walidai mishahara iliyo bora. Walipoona hawasikilizwi walipanda milingotini wakayatua matanga, na chombo kilichotuliwa tanga hakiendi popote. Tangu siku hizo "strike" likawa jina la kukataa kazi kwa umoja, hata kwa watu wasiowahi kuona tanga maishani mwao. Cha ajabu ni kwamba "to strike the flag", kushusha bendera, ni alama ya meli iliyoshindwa vitani na kusalimu amri. Kitenzi ni kimoja, ila ashushaye bendera amekubali, na ashushaye tanga amekataa.

Kiswahili hakikuchukua njia ya baharini. Kugoma ni kukataa kuendelea, na husemwa hata juu ya punda asimamaye njiani na mzigo wake asitake kupiga hatua. Wala kugoma si kususia. Agomaye huacha kazi yake. Asusiaye hukataa bidhaa au shughuli za mtu. Hilo la pili Waingereza huliita "boycott", kwa jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba katika Ireland, ambaye majirani walikataa kumhudumia mwaka 1880.

Mjini Mombasa neno lilipata uzito wake kabla ya mwaka 1947, kwani makuli wa bandari waligoma mwaka 1939. Lakini mgomo ulioanza tarehe 13 Januari 1947 ulikuwa wa mji mzima. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa Kilindini, watu wa reli, watumishi wa hoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Kila siku walikutana katika uwanja wa Majengo ulioitwa Kiembeni, ambao msomaji asiuchanganye na Kiembeni ile ya bara, kaskazini ya kisiwa. Majengo ndiko walikokaa wengi wao, wakipanga vyumba katika nyumba za Kiswahili, na kodi ya chumba na bei ya chakula vilikuwa vimepanda kupita mishahara. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kutoka Nairobi kuzungumza nao, nao wakarudi kazini kwa ahadi kuwa mishahara ingechunguzwa. Uchunguzi huo uliongozwa na Jaji Thacker, na baadhi yao wakapata nyongeza. Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi, alikamatwa katika Agosti ya mwaka huo akahamishwa mpaka Baringo.

Katika mambo mazito namna hiyo, kosa dogo la tafsiri laweza kumdhuru mtu. Tuseme karatasi imeandikwa, "He struck on Monday." Maana yake ni kwamba Jumatatu mtu huyo aligoma. Likiongezwa jina moja tu, "He struck the headman on Monday," maana yake ni kuwa Jumatatu alimpiga mnyapara. La kwanza ni jambo la kazi, na leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. La pili ni shambulio, nalo lampeleka mtu kortini. Basi mfasiri atazame kama kitenzi kimefuatwa na mtendwa. Asipomwona mtendwa, asiandike "alipiga" kwa haraka, wala mwenye kuulizwa asitie sahihi kabla hajasomewa.

Liko pia "strike off", yaani kufuta jina katika orodha. Mtu aletewaye barua isemayo "Your name has been struck off" hakupigwa, lakini huenda amepoteza kazi, na barua hiyo haifai kuwekwa mfukoni mpaka mwisho wa mwezi. Tena "striking" lina maana mbili: "striking workers" ni wafanyakazi waliogoma, na "a striking face" ni uso wa kuvutia macho. Mtu aweza kuwa na yote mawili.

Hata mapatano hufanywa kwa neno hili. "To strike a bargain" ni kupatana bei au masharti, kwa kuwa zamani wauzaji na wanunuzi walipigana viganja kuonyesha kuwa neno limekwisha. Kwa hiyo Mwingereza aweza kusema kuwa makuli "struck" siku ya Jumatatu, na baadaye wao na mabwana zao "struck an agreement", asione ajabu yoyote.

Wakati uliopita wa neno hili ni "struck", si "striked". Msomaji ajaribu sentensi hii kabla ya kutazama jibu: "The clock struck six, and the men struck."

Saa iligonga kumi na mbili, na watu wakagoma.