Mchungaji Mpya Anapokuja

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo 6:1–7, Tito 1:5–11, 2 Tim 4:1–5, Mdo 18:24–28, 1 Tim 5:19–21, Mdo 17:10–12.

Fungu la kukariri: Matendo 17:11. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Barua kutoka konferensi imesomwa mbele ya washiriki. Mchungaji wa mtaa anahamishwa, na mwingine anakuja. Watu hawajamaliza kutoka kanisani, maswali yameshaanza chini ya mwembe: Ni mtu wa wapi? Anahubirije? Ni mkali? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, “Je, analishika Neno la Mungu sawasawa?”

Swali hilo ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Lakini hata linapoulizwa, mara nyingine huulizwa vibaya: kwa minong’ono, kwa kumhukumu mtu ambaye hajafungua kinywa, au kwa kuyaita mazoea yetu mafundisho ya Biblia.

Juma hili tutaona kwamba kanisa lina wajibu wa kuyapima mafundisho ya mchungaji wake. Kipimo ni Maandiko, naye anayepimwa anapaswa kuwapo na kusikilizwa.

JUMAPILI
Nani Humchagua?

Soma Matendo 6:1–6 na Tito 1:5. Washiriki walifanya nini katika fungu la kwanza? Katika la pili, Tito alipewa kazi gani?

Yerusalemu, washiriki waliwachagua watu saba, na mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Krete, Tito alitumwa na Paulo kuweka wazee katika kila mji. Tangu mwanzo, basi, zipo kazi ambazo kanisa la mahali huchagua watu wake, na zipo kazi ambazo watumishi hutumwa kwa niaba ya kanisa pana.

Katika kanisa letu utaratibu ni huo. Mwongozo wa Kanisa unaeleza kwamba mchungaji hachaguliwi kwa kura ya washiriki wa kanisa la mahali. Hupangwa na kamati ya konferensi. Kwa sababu hiyo mchungaji hawi mali ya ukoo fulani, wala ya matajiri wa kanisa, wala ya wale wenye sauti kubwa.

Je, hii ina maana kwamba mshiriki hana la kufanya? Hapana. Wazee wa kanisa na mashemasi huchaguliwa na washiriki wenyewe. Katika mitaa yetu mchungaji mmoja huhudumia makanisa kadhaa, na mimbari hukaa mikononi mwa wazee Sabato nyingi. Anayesinzia siku ya uchaguzi wa wazee, kisha akaamka kulalamikia mafundisho ya mchungaji, amechelewa.

Katika uchaguzi uliopita wa kanisa lenu, ni sifa zipi zilizungumzwa zaidi? Zinafananaje na zile za Matendo 6:3?

JUMATATU
Mtu Anayelishika Neno

Soma Tito 1:5–11. Orodhesha sifa za mzee au mwangalizi. Ni zipi zinahusu maisha yake, na ni zipi zinahusu mafundisho yake?

Ona jinsi orodha ilivyo. Sehemu kubwa inahusu tabia: nyumba yake, hasira yake, fedha, kiasi, ukarimu. Kisha aya ya 9 inafika kwenye mafundisho: alishike lile neno la imani kama alivyofundishwa, apate kuwajenga watu kwa mafundisho yenye uzima na kuwajibu wanaopinga. Aya ya 10 na 11 zinatoa sababu. Krete kulikuwa na walimu waliopindua nyumba nzima nzima kwa ajili ya mapato ya aibu.

Paulo hatenganishi mambo haya mawili. Mchungaji anayehubiri Sabato kwa ufasaha huku akiwadhulumu wafanyakazi wa nyumbani kwake amelikana somo lake. Vilevile, mchungaji mpole anayependwa na wote, lakini anayekwepa kufundisha hukumu, patakatifu au hali ya wafu ili asimuudhi mtu, ameliacha kundi bila chakula.

Tukitaka kujua kama mtu anasimama katika imani yetu, mahali pa kuanzia ni Biblia, na Imani za Msingi 28 zinaeleza jinsi tunavyoielewa. Namna ya kupiga makofi, rangi ya suti na urefu wa maombi hazimo kati ya hizo 28. Tunaweza kuyazungumza mambo hayo kwa upendo, ila tusiyaite uzushi.

JUMANNE
Masikio Yetu Nayo Yapimwe

Soma 2 Timotheo 4:1–5. Katika mafungu haya, kosa linaanzia kwa mwalimu au kwa wasikilizaji?

Mara nyingi tunalisoma onyo hili kana kwamba linawahusu wahubiri peke yao. Lakini Paulo anasema ni watu wenyewe watakaojikusanyia walimu, kwa sababu wana masikio ya utafiti. Mwalimu wa uongo hapati nafasi mahali ambapo hakuna anayemtamani.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 13:1–4. Hata ishara ikitimia, nabii anayewavuta watu waiache njia ya Bwana asifuatwe. Fungu hili ni la maana sana katika siku zetu, ambapo mshiriki anaweza kutoka kanisani saa saba, na saa nane yuko kwenye simu akimtazama mhubiri anayeahidi miujiza. Mchungaji mpya akija na Biblia tu, huonekana mkavu.

Kabla ya kumpima mchungaji, kila mmoja ajiulize: Je, natafuta mtu wa kunilisha, au mtu wa kuniunga mkono? Kama kundi moja kanisani linataka mchungaji wa kuwanyamazisha wengine, na kundi la pili linataka vivyo hivyo, atakayekuja ataitwa mwalimu wa uongo na upande mmoja hata akihubiri kweli.

JUMATANO
Barua Kutoka Efeso

Soma Matendo 18:24–28. Priskila na Akila waligundua upungufu gani katika mafundisho ya Apolo? Walifanya nini?

Apolo alikuwa msemaji hodari na mwenye nguvu katika Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Ulikuwa upungufu halisi wa mafundisho. Priskila na Akila hawakunyamaza, wala hawakumwaibisha katika sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye, pamoja na elimu yake, alikubali kufundishwa na mke na mume mafundi wa hema. Alipotaka kwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee.

Waanzilishi wetu walijifunza umuhimu wa barua kama hiyo kwa njia ngumu. Kabla kanisa halijaundwa rasmi mwaka 1863, wahubiri walisafiri kutoka kundi hadi kundi bila utambulisho wowote, na baadhi yao walifundisha makosa na kuwavuruga waumini. Mwaka 1853 wahubiri waliothibitishwa walianza kupewa kadi za utambulisho, zikiwa na saini za James White na Joseph Bates. Hati anazopewa mchungaji leo zimetoka katika hitaji hilo hilo. Zinatuambia kwamba wapo ndugu waliokwisha kumpima mtu huyu, na kwamba wapo watakaomwajibisha akipotoka.

ALHAMISI
Mashaka Yanapotokea

Soma 1 Timotheo 5:19–21 na Mathayo 18:15–17. Paulo anaweka masharti gani kabla ya shtaka dhidi ya mzee kupokelewa?

Katika mtaa mmoja nilioutembelea, mchungaji mpya alihubiri Warumi 5 katika Sabato yake ya tatu. Kufikia jioni habari zilikuwa zimeenea kwamba “ameifuta sheria.” Wengine walitaka barua iandikwe konferensi kesho yake. Mzee mmoja wa kanisa aliomba wasubiri. Alichukua Biblia yake na mzee mwenzake, wakaenda nyumbani kwa mchungaji, wakamwambia wazi, “Baba Mchungaji, tulikusikia ukisema hivi. Tusaidie.” Walisoma pamoja mpaka Warumi 3:31 na sura ya 6. Ilionekana kwamba katika jambo moja washiriki walikuwa wamesikia visivyo. Katika jingine, mchungaji mwenyewe alikiri kwamba alisema kwa haraka neno linaloweza kupotosha, na Sabato iliyofuata alilinyoosha mbele ya wote. Barua haikuandikwa.

Je, kama angeshikilia kosa? Hapo njia iko wazi. Wazee huandika aliyofundisha, wakitaja siku na mashahidi, hulinganisha na Maandiko, kisha hulipeleka jambo kwa viongozi wa konferensi waliomtuma. Kunyamaza mbele ya kosa la kweli ni kuwaachia mbwa-mwitu kundi (Mdo 20:28–31). Lakini kuupeleka uvumi mahali pa ushahidi ni kuvunja amri ya tisa kwa kisingizio cha kuilinda ya nne.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika mkutano wa Konferensi Kuu uliofanyika Minneapolis, Marekani, mwaka 1888, wahubiri wawili waliokuwa bado katika miaka ya thelathini, E. J. Waggoner na A. T. Jones, walifundisha haki kwa imani. Viongozi wenye uzoefu waliogopa kwamba mafundisho yao yangeidhoofisha sheria na Sabato. Ellen White hakukubaliana na Waggoner katika kila ufafanuzi, lakini aliutetea ujumbe wa haki ya Kristo, na akawasihi ndugu wayachunguze Maandiko kwa roho ya Kikristo. Nuru ilikuwa karibu kukataliwa na watu waliodhani wanailinda imani.

Miaka mingi baadaye, Waggoner na Jones wote wawili walitengana na kanisa. Kwa hiyo tusimkatae mtu kabla ya kumsikiliza. Na tukishamkubali, tusiifunge Biblia. Waberoya walichunguza kila siku, na aliyekuwa akihubiri kwao alikuwa Paulo mwenyewe.

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa lenu linaweza kufanya nini katika mwezi wa kwanza wa mchungaji mpya ili afahamike na asikilizwe kabla ya kuhukumiwa?

2. Taja mambo matatu ambayo watu hugombania kanisani kwenu. Ni lipi kati ya hayo ni fundisho la Biblia, na ni lipi ni mazoea?

3. Kwa nini ilikuwa rahisi kwa Apolo kukubali kusahihishwa? Wewe ungekwenda kwa mchungaji wako kwa maneno gani?

4. Kama mchungaji wako angehubiri kosa Sabato ijayo, je, ungelitambua? Ni fundisho lipi unalohitaji kujifunza upya ili uweze kulitambua?